Mkuu wa Ulinzi na Viatu vya Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepanda cheo! Kuanzia leo mimi si mlinzi wa usiku tena. Ni Mkuu wa Ulinzi wa Usiku. Walio chini yangu: hakuna. Lakini cheo ni cheo. Nilimpendekezea Shemeji wakati anahesabu mashuka, akasema haya. Haya ni ndiyo.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu na ndiye mwenye kambi. Mahema kumi na mawili, jiko moja, vyoo vinne, na uzio ambao ng'ombe anaupita bila kuinama.

Hali ilivyo: kwa mwezi mmoja, tangu nianze kazi, viatu kumi vya wageni vimepotea usiku. Vyote vya mguu wa kushoto. Kesho kinakuja chama cha wauguzi wastaafu, akina mama ishirini na wawili, hadi Jumapili. Wakiondoka na viatu vyao vyote, kazi ni yangu moja kwa moja. Kikipungua hata kimoja, zamu ya usiku anapewa Afande.

Afande ni mlinzi wa mchana. Aliwahi kuwa askari magereza na bado anapiga buti kiwi kana kwamba kuna mkaguzi anakuja. Anawaambia watu kwamba huwa nalala kazini. Mimi! Huwa nafumba macho ili masikio yapate nafasi.

Nimemuuliza mke wangu, ambaye ni mpishi wa kambi, anamshuku nani. Bila kuinua kichwa kwenye vitunguu akasema mwizi ana miguu minne. Nimeandika: wezi wawili.

Tatizo lingine ni vibao. Kwenye uzio kuna nguzo sita, kila nguzo ina kibao na chaki. Kila saa mlinzi anazunguka na kupiga mstari mmoja, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mistari tisa. Juzi niliipiga yote kwa mkupuo mapema, nibaki na muda wa kufikiri. Bahati mbaya kwenye nguzo ya nne nilipiga kumi na moja. Shemeji akataka kujua usiku wa nguzo ya nne una saa ngapi.

Jumanne, 5 Agosti

Wauguzi wamefika. Kiongozi wao anaitwa Metroni. Alinipa mkono, akaushika kwa muda mrefu huku akitazama saa. Nadhani alikuwa anapima mapigo.

Nikawahutubia. Niliwaambia walale bila hofu, kwani Mkuu yuko macho. Metroni akajibu kwa upole kwamba wao walifanya zamu za usiku miaka thelathini, na usingizi hawaujui tena, ikifika saa sita wote wako wima. Nikawapa pole. Nikawaahidi kwamba hapa watalala kama watoto. Afande, aliyesimama nyuma yangu bila kualikwa, akasema ni kweli, kwenye kambi hii lazima mtu mmoja alale, na mtu mwenyewe anajulikana. Walicheka. Nami nikacheka, ili ionekane ni utani wetu.

Mpango wa usiku huu ni wa hali ya juu. Kamba ya mita arobaini. Makopo matupu ya nyanya kumi na tisa. Kamba inakatiza njia zote, inaingia bandani kwangu, na ncha yake naifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Mwizi akijikwaa, makopo yanalia, kidole kinavutwa, naruka, napuliza filimbi, kazi imekwisha.

Pia nimeajiri msaidizi. Kuna mbwa asiye na mwenyewe ambaye mwezi mzima amekuwa akilala chini ya banda langu, pale lilipoinuliwa kwa matofali. Namletea mifupa ya jikoni kila jioni. Leo nimempa wadhifa rasmi. Naibu.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi mtupu!

Nimeamka saa kumi na mbili, mwepesi kama unyoya. Nimekuta kamba imeviringishwa vizuri kando ya kitanda, makopo yamepangwa kwa ukubwa. Kidole changu kimefungwa bandeji safi. Blanketi limenifunika hadi shingoni, pembe zake zimekunjwa kama bahasha. Sikumbuki lolote kati ya hayo. Ila vibao! Nguzo zote sita, mistari tisa tisa, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula.

Sababu ni moja tu. Kazi imeniingia mwilini. Nazunguka nikiwa usingizini! Nimesikia kuna watu hutembea wamelala, wakaishia kwenye kabati. Mimi naishia kwenye vibao.

Shemeji alihesabu mara mbili. Akasema, Shemeji, umebadilika. Afande alihesabu mara tatu, akaenda kunyoosha kola yake ambayo haikuwa imekunjamana.

Kiatu kilichopotea: hakuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana usiku nilitumia unga. Nilinyunyiza kilo nne kuzunguka mahema ili kunasa nyayo. Kumekucha, unga umekanyagwa kila mahali. Nimefanya uchunguzi nikiwa nimepiga magoti. Matokeo yanatisha. Wezi si wawili. Ni kama ishirini hivi, wamevaa ndala, wanatembea wawili wawili kwa nidhamu, na wamekuja hadi mlangoni kwangu mara tisa. Katikati yao kuna nyayo za Naibu, huku na huku. Mbwa mmoja dhidi ya genge zima! Na hakuna kiatu kilichopotea. Nimempa mfupa wa ziada.

Nilifagia kabla wauguzi hawajaona, wasije wakakosa usingizi.

Mke wangu amegundua kuhusu unga. Wageni wamekunywa chai kwa viazi. Wakati huohuo nilikuwa nimemwomba anishonee mistari mitatu kwenye kofia, ya cheo. Ameshona mmoja. Amesema miwili itafuata siku unga utakaporudi kwenye gunia kwa miguu yake.

Vibao: tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Nimeanza kujiheshimu kwa namna ambayo sikuizoea.

Ijumaa, 8 Agosti

Metroni alikuja kwenye chai kwa mguu mmoja.

Kiatu cha kushoto. Cha ngozi, rangi ya kahawia. Alikivua nje ya hema ili asiingize mchanga. Akasema si kitu, ni kiatu tu. Lakini mwenzake mmoja alininong'oneza kwamba ndivyo viatu alivyotoka navyo wodini siku ya mwisho, na tangu hapo huvivaa anaposafiri tu. Bora angenitukana.

Shemeji amenyamaza tangu asubuhi. Kunyamaza kwake nakujua, ndivyo alivyonyamaza siku ya harusi yetu. Afande ameanza kuuliza ufunguo wa banda langu unakaa wapi, na kama godoro ni la mlinzi au la kambi.

Sijala mchana. Naandika haya kwa ajili yangu tu. Nina miaka hamsini na miwili. Nimefuga sungura, wakachimba wakaondoka. Nimetengeneza sabuni isiyotoa povu. Nimekodisha viti vya plastiki, vikarudi stuli. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo mke wangu amewahi kuwaambia watu. Nilimsikia juzi akimwambia mwuza mboga: mume wangu ni mlinzi, usiku wote yuko kazini. Alilisema bila kucheka.

Sikuwaambia wauguzi kuhusu genge la ndala. Leo usiku silali. Nimeazima kahawa jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Kahawa haikufanya kazi. Nimeamkia ubavu wa kulia, blanketi lina pembe za bahasha.

Saa tatu asubuhi Afande akatangaza msako. Kila hema, kila kona. Alianza na banda langu. Akapiga magoti, buti na kila kitu, akaingiza mkono chini ya sakafu. Akatoa kiatu. Akatoa kingine. Vilitoka kumi na kimoja, vya kushoto vyote, cha mwisho ni cha kahawia, kimelowa kidogo lakini kizima.

Watu wote wamesimama. Afande akavipanga kwenye mstari mbele ya mlango wangu, akapangusa mikono, akaniuliza, Mkuu, duka lako linafunguliwa saa ngapi?

Mke wangu alikuwa mlangoni kwa jiko na mwiko mkononi. Sikuweza kumtazama.

Ndipo Metroni akasema, subirini kwanza, baba huyu hawezi kuiba. Akaingia hemani, akatoka na daftari la kurasa themanini.

Kumbe hawa akina mama hawakulala hata usiku mmoja! Kila saa walipokezana wawili wawili, wakazunguka kambi yote kwa tochi kama wodi, na kuandika. Metroni akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Jumanne, saa nne: mlinzi amelala. Kidole gumba kimefungwa kamba, kimevimba, tumefungua na kutia bandeji. Saa tano: mlinzi amelala, tumemfunika. Tumepiga mistari kwenye vibao kwa niaba yake, asije akapata matatizo. Saa sita: anakoroma, tumemgeuza ubavu wa kushoto. Saa nane: tumemgeuza ubavu wa kulia. Akaita mama, tumemjibu. Jumatano, hivyohivyo. Kisha Alhamisi, saa tisa usiku: mbwa amepita na kitu mdomoni, ameingia chini ya banda. Tumedhani ni chakula. Mlinzi amelala.

Akageuza kurasa hadi mwisho. Mlinzi amelala, mlinzi amelala. Usiku nne, kila saa, na sahihi mbili mbili.

Basi uchaguzi ulikuwa huo: ama mimi ni mwizi, ama nimelala usiku wote. Shemeji akaniuliza nalichukua lipi. Nilichukua la kulala, kwa kichwa kilichoinuliwa.

Afande alicheka hadi kofia ikaanguka. Naibu akaiokota, akaingia nayo chini ya banda.

Mke wangu ndiye aliyenishangaza. Alikuja, akaniweka sawa kola, akauliza kama kidole kinauma. Kisha akarudi jikoni, nikasikia mwiko umeanguka na mtu anacheka peke yake kwa muda mrefu sana.

Jumapili, 10 Agosti

Wauguzi wameondoka na viatu vyote, arobaini na vinne. Hilo liandikwe. Sharti lilikuwa viatu vyote, na viatu vyote vimekwenda! Nilimkumbusha Shemeji. Akasema ni kweli, ila kazi hiyo imefanywa na watu wengine. Amewaomba warudi kila mwezi, wataandaliwa chai ya saa nane usiku. Zamu ya usiku amepewa Afande. Mimi nimepewa lango la mchana. Amesema mchana kuna jua, huenda nikaona.

Nimetafakari yote kwa utulivu. Watu ishirini na wawili wenye taaluma wamethibitisha kwa maandishi kwamba kila saa, usiku nne mfululizo, nilikuwa kwenye lindo langu. Ni mlinzi gani mwingine ana ushahidi kama huo? Afande hana. Nimemwomba Metroni nakala ya daftari. Ameniachia lote, na chini ameandika: hali yake inaridhisha. Nitaliwekea fremu ukurasa huo.

Kuhusu Naibu, watu wamemwelewa vibaya. Alikuwa anakusanya vielelezo. Nimemhamishia nami langoni, na cheo chake hakikuguswa. Mke wangu naye ameshona mstari wa pili kwenye kofia yangu. Amesema ni wa kidole.

Nimeshaanza mpango mpya wa mchana. Kamba nyingine, ndefu zaidi, ina kengele. Ncha yake nitaifunga kiunoni, ili hata nikifumba macho kidogo kazi iendelee.

Jambo moja tu linanisumbua. Baada ya chakula cha mchana nilivua viatu nipumzishe miguu, nikafumba macho ili kusikiliza. Nilipoyafumbua, cha kushoto hakipo. Afande! Hajamaliza hata siku moja tangu anipokonye zamu, ameshaanza visasi. Nimemuuliza Naibu kama ameona chochote. Alikuwa amelala palepale miguuni pangu, maskini, kachoka, ana mchanga puani. Hakuona kitu.

Nimemwongezea mfupa.