Dawati la Kuhoji Mpira

Wananchi wote walitangaziwa, kwa redio na kwa vipaza sauti, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi mtandao hautaruhusiwa tena kuchelewa. Mpira ukipigwa kwenye simu ya mchezaji mmoja, ufike kwenye simu ya mwenzake papo hapo, kama raia yeyote mwenye adabu. Tangazo lenyewe lilisikika Jumatano, kwa kuwa lilikwama njiani.

Jukumu hilo lilimwangukia Mkurugenzi wa Idara ya Kuondoa Ucheleweshaji, mtu makini ambaye ofisini kwake palitundikwa maandishi ya dhahabu: Haraka haraka haina baraka. Waziri alikuwa amemwahidi kwamba gemu zikiacha kuganda, atampa cheo cha Katibu Mkuu. Mke wa Mkurugenzi, ambaye hapendi kukutwa hajajiandaa, alishapima madirisha ya nyumba ya Katibu Mkuu, na mapazia yalikuwa kwa fundi.

Yote yalianzia kwa shangazi aliyemlea Mkurugenzi, bingwa wa mpira wa mtandaoni tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Alimpigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hivi huo mtandao wenu una nini? Nimepiga penalti, nikaenda kuanua nguo, nikazikunja, narudi mpira bado uko hewani!"

"Vumilia, shangazi. Serikali imeliona."

"Imeliona lini? Mimi nimefungwa jana!"

Kamati iliundwa. Ilisafiri mpaka nchi ya mbali yenye baridi kuutazama mtambo unaoendesha gemu, ikapiga nao picha, ikarudi na ukweli usiopingika: mpira hauendi moja kwa moja. Unatoka kwenye simu, unapita vituo chungu nzima hadi kwenye mtambo ule, ndipo unarudi kwa jirani wa nyumba ya pili. Kila kituo kinakula muda kidogo. Ulikuwa uchunguzi mzuri kabisa, na Mkurugenzi aliuelewa wote.

"Kwa hiyo vituo vimezidi," alisema.

"Vimezidi sana, mkuu," kamati iliitikia.

"Na hakuna kituo cha kuvisimamia."

Wajumbe waliinamisha vichwa. Waliona aibu kwamba hawakuliwaza hilo wao.

Ndivyo lilivyozaliwa Dawati la Kuhoji Mpira, ghorofa ya tatu. Kila mpira uliopigwa nchini, kila risasi ya gemu na kila gari la mashindano vilisimamishwa pale kwenye kompyuta, vikaulizwa vimetoka wapi, vinakwenda wapi na kwa nini vimechelewa. Vikishajieleza, vilisubiri idhini ya Mkurugenzi mwenyewe, kwani mambo ya kasi hayaachiwi watu wadogo. Barua za serikali za mtandaoni nazo zilipitia dawati hilohilo, na malalamiko ya wananchi pia. Mwezi mzima halikufika hata moja. Mkurugenzi alipoona mafanikio hayo machozi yalimlengalenga.

Siku ya kumwonyesha Waziri matunda, ukumbi wa chini ulifurika. Waziri alikaa mbele ya skrini kubwa, simu mkononi, tayari kucheza na bingwa wa nchi. Bingwa, yaani Shangazi, alikuwa nyumbani kwake kwenye kochi, miguu juu ya stuli.

Waziri akapiga mpira. Mpira ukatulia palepale.

"Mkurugenzi, mbona hausogei?"

"Unajieleza, mheshimiwa."

Waziri akaweka simu mapajani, akaomba maji. Karani wa dawati akashuka ngazi akihema, akamnong'oneza Mkurugenzi: "Mkuu, mpira wa mheshimiwa umeshahojiwa na majibu yake yanaridhisha. Unasubiri idhini yako."

"Si ungeuruhusu tu!"

"Mimi ni mtu mdogo, mkuu."

Mkurugenzi alipanda ngazi mbio, tai ikining'inia begani. Hakuwa na nafasi ya kuchambua huu wa nani na ule wa nani. Akabonyeza Ruhusu Yote.

Kule chini mpira wa Waziri ukatoka nje ya uwanja. Ukafuatwa na mikwaju yote ambayo Shangazi, mwanamke asiyejua kukata tamaa, aliendelea kuipiga kochini. Ilishuka kwa mkupuo, kama maharage gunia likitoboka. Kipa wa Waziri aliurukia wa kwanza, mingine ikamkuta bado yuko hewani. Skrini ilihesabu mabao mpaka ikaishiwa nafasi. Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa, na baada ya hapo ukumbi mzima ukapatwa na kikohozi.

Mkurugenzi aliporudi, Waziri alikuwa anavaa koti.

"Mheshimiwa, na kile cheo?"

"Nilikituma asubuhi kwa mtandao, kabla sijafungwa," Waziri alijibu kwa upole. "Lakini ukurugenzi nakuvua sasa hivi, kwa mdomo, ili jambo lisipitie dawatini."

Mkurugenzi aliyevuliwa akapanda tena ghorofa ya tatu, safari hii polepole, na tumaini la mwisho. Karani alimpokea kwa tabasamu.

"Hongera, mzee. Cheo chako cha Katibu Mkuu kimefika. Kimehojiwa, kimejieleza vizuri sana."

"Basi nipe!"

"Kinasubiri idhini ya Mkurugenzi," alisema karani, akakitazama kiti kitupu kwa huruma ya kweli. "Akipatikana, utajulishwa."