Nimemnyang'anya Mama Mkwe Maikrofoni

Watu wangu, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kuteleza kwa matope, watu wacheke, wasahau. Hii ni ya kuhama kaunti! Naandika nikiwa nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi, nimekalia gunia la pumba, nywele zimejaa unga. Msiniulize ni soko gani. Mkijua mtakuja kunitazama.

Kwa wale hawanijui, mimi ni Wafula, kijana wa Kitale, nafanya kazi kwa ofisi ya mbunge mmoja huku Bungoma. Naandika hotuba, napanga viti, nabeba maikrofoni. (Kwa barua ya kazi wameandika "msaidizi wa masuala ya sera." Mama yangu ameitundika ukutani.)

Mheshimiwa wetu ni mtu wa zamani. Mtu wa kanisa, mtu wa mila, mtu wa suti na kizibao hata jua likichoma. Hanywi, hachezi kamari, na hataki mtu mwingine acheze. Wiki hii anazunguka mashambani kuwaeleza watu mambo anayotaka kupeleka Bungeni. Mahindi ya nje yasiingie wakati wa mavuno yetu. Mbolea ifike kabla ya mvua, si baada. Mashine za kamari zitolewe masokoni. Na juu ya yote, namba moja, sheria ya kulinda heshima na mila, watoto wafundishwe shuleni nani anaheshimiwa vipi. Orodha niliichapa mimi, karatasi zikagawanywa makanisani Jumapili.

Sasa kuna jambo lazima mlijue. Jumamosi hii naenda kwa kina Nekesa kujitambulisha. Nekesa ni mwalimu. Tulipatana tukisoma chuo kikuu cha Kibabii, na siku hii tumeingoja miaka mitatu. Baba yake alishakubali. Mama yake ndiye hajasema kitu. Nekesa alinionya mapema: "Baba ni kelele tu. Mama akisema hapana, hata askofu aje, ni hapana."

Huyo mama sijawahi kuonana naye. Sisi Wabukusu mama mkwe haonwi ovyo ovyo. Humsalimii kwa mkono. Humpi kitu mkononi. Mkikutana njiani, unaingia kwa shamba la watu mpaka apite. Picha moja tu ndiyo nilionyeshwa, ya harusi ya kitambo, na alikuwa amefunga kilemba kikubwa hadi uso umebaki kidogo. Kwa hivyo asubuhi, nikijua mkutano uko upande wao, nikampigia Nekesa.

"Mama atakuja?"

"Mama? Saa hii anapura mahindi. Hana wakati wa wanasiasa."

Nikashukuru Mungu. Nikavaa tai nyekundu na vile viatu vyangu vya ncha. (Viatu vya ncha kwa uwanja wa soko baada ya mvua. Akili yangu, jamani!)

Mkutano ulianza vizuri. Chifu akaomba, kwaya ya akina mama ikaimba, Mheshimiwa akasimama. Alipofika kwa ile namba moja yake, sauti ikapanda.

"Vijana wa siku hizi! Kijana anakutana na mama mkwe barabarani, badala ya kujificha anasema, 'Niaje, mathe!'"

Wazee wakagonga fimbo chini. Mmoja akasema, "Kweli kabisa!"

"Mtu asiyemheshimu mama mkwe ataheshimu nini? Ataheshimu sheria? Ataheshimu Katiba?"

"Hapana!"

Mimi nilipiga makofi kuliko watu wote. (Hotuba ni yangu. Hapo kwa "Niaje, mathe" nilijisikia msanii.)

Ikafika saa ya maoni. Kila mtu dakika moja. Na hapa lazima niwafundishe sheria ya kwanza ya kubeba maikrofoni Bungoma: usiiachilie. Wewe mwenyewe unaishika, mwananchi anaongea. Ukimwachia mtu wetu maikrofoni, ataanza kwa kumshukuru Mungu kwa pumzi ya uhai, ataitambua meza kuu mmoja mmoja, ataitambua familia yake, na swali utalisikia jioni. Mimi ni mtaalamu wa hii kazi. Huko Kimilili nilishamzima mwalimu mkuu mstaafu.

Mama mmoja mstari wa tatu akainua mkono. Alikuwa na gambuti za mpira miguuni, sweta kuukuu ya shule, leso kichwani, na uso umejaa vumbi la mahindi hadi kope. Nikamwendea nikitabasamu. Nikamsalimia kwa mkono! Mkono huu huu wa kulia, huu unaowaandikia!

"Karibu, Mama. Dakika moja tu."

"Orio, asante," akasema bila kuinuka kitini. Kisha akaigeukia meza kuu. "Mulembe, Mheshimiwa. Karatasi yako nimeisoma yote, juu hadi chini. Ni nzuri. Lakini mimi saa hii nimetoka kupura. Mvua inanyesha kila siku saa nane. Naanika, naanua, naanika, naanua. Mahindi yanashika ukungu, nikipeleka kwa ghala wanayarudisha. Sasa ukizuia mahindi ya nje, na yangu yameoza, watu watakula nini? Mila?"

Mayi wee! Uwanja ulicheka mpaka kuku wa soko wakaruka. Hata chifu alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Mimi sikucheka. Mashine za kukaushia mahindi zilikuwa kwa orodha. Zilikuwa namba tano. Nilizitoa mimi, kwa sababu nilitaka orodha iingie ukurasa mmoja, na hizo ndizo zilikuwa zimeangukia ukurasa wa pili. Mheshimiwa akanitazama. Najua hilo jicho. Maana yake ni, malizana naye.

"Asante, Mama. Dakika imeisha."

"Sijamaliza."

"Imeisha, Mama."

"Kijana, wewe ndiye mbunge?"

Watu wakacheka tena, na sasa wananicheka mimi. Nikapandwa na hasira. (Hasira hasara, nilifundishwa darasa la tatu, lakini wapi!) Nikavuta maikrofoni. Akaishika na mikono yote miwili. Nikavuta. Akavuta. Jamani, mkono wa kupura mahindi si mwenzake mkono wa kuchapa hotuba. Kile kiatu changu cha kushoto kikateleza, waya wa maikrofoni ukanizunguka mguu, na mimi nikaenda, nikaenda, nikatua.

Nilitua magotini pake. Pwaa! Nimekaa kabisa, kama mtoto anayenyolewa. Kiti cha plastiki kikalia kraa, mguu mmoja ukavunjika, tukainama pamoja upande. Na maikrofoni bado inafanya kazi! Soko lote likasikia kwa spika mbili kubwa: "Woi! Shuka! We kijana, shuka kwa miguu yangu!"

Kabla sijashuka, nikasikia sauti kutoka nyuma. Sauti ninayoijua hata usingizini. Nekesa alikuwa ametoroka shule saa ya chakula aje anione nikifanya kazi. Bado alikuwa na chaki mkononi.

"WAFULA! HUYO NI MAMA!"

Shingo zote sokoni ziligeuka kwetu.

Yule mama, maikrofoni ikiwa bado mdomoni, akauliza polepole, "Wafula gani?"

"Wa Jumamosi, Mama."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke, na haikupasuka! Wazee walishika vichwa. Bibi mmoja akafunika macho ya mjukuu wake. Mama akajivuta leso usoni, mimi nikajifunika na tai. (Tai haifuniki kitu. Nimejaribu.) Sikujua niende wapi. Mila inasema nimkimbie mama mkwe, lakini mguu ulikuwa umefungwa na waya, kwa hivyo nikawa namkimbia papo hapo.

Nikamtazama Mheshimiwa aniokoe. Miaka miwili namwandikia hotuba! Akateremka jukwaani, akachukua ile maikrofoni, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu, mmejionea wenyewe! Hii ndiyo sababu sheria hii lazima ipite!"

Makofi! Wakasimama! Halafu, haki siwadanganyi, akanielekezea kidole na kuuliza, "Huyu kijana ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Hata dereva wa ofisi, tuliyekunywa naye chai asubuhi, alikuwa anaangalia mawingu. Nikafungua waya, nikakimbia. Kiatu kimoja kimebaki huko. Ndivyo nilivyofika hapa kwa posho mill, na hapa nilikaa nikilia kidogo. Nilikuwa namlilia Nekesa. Kazi nitapata nyingine, lakini Nekesa ni mmoja, na miaka mitatu nimeimaliza kwa kitendo cha sekunde mbili.

Baada ya saa nzima akaja senge, shangazi ya Nekesa, kiatu changu mkononi. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Wazee wamekaa," akasema.

"Ndoa imekufa?"

"Wazee wamesema ulete blanketi, mama afunikwe hiyo aibu. Hilo limeisha."

"Na Mama mwenyewe?"

Senge akakaa kwa gunia lingine, akapangusa unga kwa sketi. "Mama amesema mambo ya magoti ni ajali. Mtu akianguka ameanguka. Hata mkono amekusamehe, hukumjua."

Nikaanza kupumua.

"Lakini maikrofoni hajakusamehe. Anasema hiyo dakika yako haikuwa dakika. Anasema yeye akichemsha maji ya ugali anajua dakika ni nini. Na amesikia orodha unaiandika wewe."

"Amesikia wapi?"

"Nekesa amesema. Alikuwa anakutetea." Senge akanipa kiatu. "Kwa hivyo Jumamosi uje na blanketi, na uje na ile karatasi. Mashine ya kukausha mahindi ikiwa hapo, na sahihi ya mbunge ikiwa chini, utakula kuku. Kama haipo, kaa kwenu Kitale, hana ubaya na wewe."

Nimempigia Mheshimiwa. Alishika simu mara ya nne. Nikamweleza yote, nikanyenyekea, nikamwita baba. Akasema, "Wafula, mambo ya Bunge hayaendeshwi na mama mkwe wa mtu."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, si wewe umesema asiyemheshimu mama mkwe hataheshimu hata Katiba?"

Akakata simu. Dakika kumi baadaye akatuma ujumbe: "Chapa upya. Niletee nisome."

Nisome! Hakusema niweke sahihi, amesema nisome. Leo ni Jumatano. Nimechapa kwa simu nikiwa hapa kwa pumba, mashine za kukaushia nimeziweka namba moja, na ile ya heshima na mila nimeisukuma ukurasa wa pili, nione kama yeye ataikumbuka. Mwenye kuomba aniombee, mwenye blanketi jipya aniambie, na tafadhali sana asicheke mtu: wanaume wengine wanangoja jibu la baba mkwe, mimi nangoja la mbunge.