Jiwe la Msingi la Zimamoto, Mtaa wa Nyakalembo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mwenyekiti wa maandalizi, ambaye nafasi yake nakaimu mimi. Viongozi wa dini, wazee wa sungusungu, kinamama wa soko, bodaboda, nanyi wachimbaji mliotoka kwenye mashimo yenu, maduarani, kuja kuniona, mwangaluka! (Wachache: "Mwangaluka.")

Mimi diwani wenu niliishia darasa la nne, lakini wenye digrii wananibebea mkoba, kwa hiyo historia nitaitoa mwenyewe. Mwaka 2009 mlijenga hapa kibanda cha tofali za kuchoma, mkaweka mapipa ya maji, pampu mliyopewa na wachimbaji, ile ya kukaushia maduara, na rimu ya lori mkaining'iniza. Ikigongwa, kila nyumba inatoa mtu mmoja na ndoo moja, na hivyo mkazima moto mara thelathini na tano. (Makofi mazito.) Acheni makofi! Huo ni ushamba, kwani kitaalamu moto uliozimwa na mtu asiye na yunifomu hauhesabiki kuwa umezimika. (Kicheko.)

Ndiyo maana mwaka juzi, kwa ujasiri wangu binafsi, nilipanda kwenye greda nikamwonyesha dereva pa kuanzia, kibanda kikalala chini kwa dakika nne, ili kupisha mchakato wa kituo cha kisasa cha ghorofa mbili, ambacho upembuzi yakinifu nilioufanya kichwani umeonyesha kitapunguza moto kwa asilimia mia na kumi...

(Sauti ya mwanamke: "Pampu yetu iko wapi?")

Nani huyo? Ahaa, Mama Violeth, fundi cherehani wetu! Mama, pole tena kwa duka lako kuungua Jumanne. Pampu ipo salama shambani kwangu, inafanyiwa majaribio kwenye nyanya.

("Rimu haipo, niligonga sufuria, nani angesikia sufuria? Nimebaki na cherehani kimoja, baba. Lete pampu kabla nacho hakijaungua!" Watu: "Sema, mama!")

Mama, usiingize siasa kwenye maendeleo. Cherehani kimoja ni mtaji tosha. Tena wewe una bahati, umeungua katika kipindi cha mpito, kwa hiyo umeingia kwenye takwimu.

Sasa nazindua jiwe la msingi! (Anavuta pazia.) Nyakalembo! Semeni "Bila moshi!" Nyakalembo! (Mlevi mmoja: "Bila maji!")

Basi, nawashukuru sana kwa kuja. Namshukuru dereva wangu Donatus aliyelisafisha jiwe vizuri, maana juzi lilizindua daraja na bado lilikuwa na tope. Donatus, lipakie kwenye pikapu haraka, saa nane linazindua zahanati kata ya jirani, na mwenye kiwanja hiki naye anataka kuanika mpunga wake.

(Mama Violeth amekwenda kukaa juu ya jiwe.)

Mama, inuka. Mama Violeth, nakuomba kwa heshima, hilo jiwe ni moja tu!

("Na pampu ilikuwa moja." Kinamama wanasogea, wanakaa naye. Donatus amezima pikapu.)