Kibodi Haina Haja ya Kusikilizwa

Jumatatu, 7 Aprili

Aibu! Tangazo la msiba wa Nanyamba limekatikakatika hewani. Mwanaidi, mtangazaji wetu, alisoma vizuri tu kwamba marehemu atazikwa saa kumi. Redioni ikatoka "marehemu ataz... ataz..." Msikilizaji mmoja kapiga simu kuuliza kama marehemu atazinduka.

Meneja, Bi Farida, kawaka. Fundi mwenzangu, Elisha, kasema tuhamishe kadi ya sauti kwenye tundu jingine la kompyuta, basi. Eti basi! Kazi ya bisibisi! Cheo cha Mkuu wa Mitambo kiko wazi, na hakipatikani kwa bisibisi.

Nikasema ugonjwa uko kwenye kiini cha mfumo. Bi Farida kauliza kiini ndiyo nini. Nikamweleza kuwa ndiye mwenye nyumba. Kila kifaa kikitaka kusikilizwa hupiga hodi kupitia laini yake. Kadi ya sauti na kadi ya mtandao zimepewa laini moja. Salamu za wasikilizaji zikiingia mtandaoni, mwenye nyumba anazikimbilia, sauti inaachwa barazani. Dawa ni kugawa laini upya. Katikisa kichwa. Nadhani kwa heshima.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeshinda ndani ya kiini. Laini zote zimejaa! Lazima mtu ahame.

Nikafikiri. Nikanywa chai. Nikafikiri tena. Kibodi! Ina laini nzima peke yake, na siku nyingine haiguswi mpaka adhuhuri. Ubadhirifu mtupu. Nikaipa kadi ya sauti laini hiyo.

Elisha kachungulia, kauliza kibodi itapiga hodi wapi. Nikamjibu kwamba redio ndiyo ya kusikilizwa, kibodi haina haja. Kanikumbusha kuwa hata kipanya hatuna, waya wake ulitafunwa na panya. Wivu!

Nimekifuta kiini cha zamani. Anayejiamini haachi mlango wa nyuma.

Jumatano, 9 Aprili

Ushindi! Nimeiwasha kompyuta kwa kiini changu. Nyimbo zimeanza zenyewe, sauti kama maji ya kisima. Bi Farida katabasamu mbele ya Elisha.

Kibodi haiitikii. Dogo hilo. Sikumsumbua mtu nalo. Ila tangu radi iunguze mashine yetu ya kuchanganyia sauti, hata maikrofoni hupitia kwenye kompyuta, na hufunguliwa kwa kibodi. Mwanaidi alipotaka kuingia hewani, nikamshauri apumzishe koo. Nyimbo za harusi asubuhi hadi jioni. Mtaa mzima wa Rahaleo unauliza nani anaoa.

Alhamisi, 10 Aprili



Asubuhi kapiga simu Mjomba Issa, kaka yake mama, kutoka Mahurunga. Hakusalimia. Mjomba wangu, asisalimie!

"Yusufu, Ruvuma inakuja. Maji yamevunja kingo huko juu. Watu wako bondeni kwenye mpunga, wanawinga ndege."

"Wapigieni simu, Mjomba!"

"Simu zishike wapi kule? Lakini kila dungu la kulindia mpunga lina redio. Semeni hewani. Shangazi zako wako huko na watoto."

Nikakimbilia studio. Mwanaidi tayari alikuwa kwenye kiti, karatasi mkononi. Kaniambia nifungue maikrofoni. Nikabonyeza kibodi. Bwana harusi akaendelea kusifiwa. Nikabonyeza kwa ngumi. Bibi harusi naye akasifiwa.

"Yusufu," kasema Mwanaidi, polepole, "umeifanya nini?"

Nikamwambia. Nikachomoa umeme, nikarudisha. Kiini kilekile kikaamka, bwana harusi akaanza upya. Elisha hakunicheka. Katoka mbio kwenye mvua kwenda mjini kutafuta kibodi ya aina nyingine. Bi Farida kasimama mlangoni, anatazama saa ya ukutani. Nilitamani anitukane.

Nikawaza madungu yale. Utotoni nililala kwenye moja, shangazi akiimba kufukuza ndege. Machozi yakanitoka, siandiki zaidi.

Ndipo kwenye kioo cha kompyuta ikaibuka salamu: mtu anaomba wimbo. Imeingiaje? Kwa mtandao! Mtandao uko hai! Nikatoa simu, nikaingia ndani ya kompyuta kwa kupitia mtandao. Vidole vimelowa jasho, nikakosea neno la siri, nikakosea tena. Likakubali. Nikazima harusi, nikafungua maikrofoni.

"Ndugu zetu wa bondeni Mahurunga," kasema Mwanaidi, na sauti haikukatika hata chembe, "acheni mpunga. Shikeni watoto, pandeni juu sasa hivi."

Kairudia mpaka koo likakauka. Kisha kairudia kwa Kimakonde.

Ijumaa, 11 Aprili

Mjomba kapiga. Safari hii kasalimia, salamu ndefu, nikajua. Wote wamepanda. Mpunga umekwenda, madungu yamekwenda, kuku wamekwenda. Watu wapo. Shangazi kasema sauti ilikuwa safi, kama mtu amesimama nje ya dungu anamwita kwa jina.

Jumamosi, 12 Aprili

Elisha kahamisha kadi ya sauti kwenye tundu jingine, ambalo kumbe lilikuwa limetengewa laini na halina kifaa. Bisibisi, chai haijapoa, kwisha! Kiini cha zamani alikuwa na nakala yake. Kadi ina laini yake, mtandao laini yake, kibodi laini yake. Sauti safi. Yeye ndiye Mkuu wa Mitambo. Nimempa mkono. Ulikuwa mkono wa dhati, karibu wote.

Bi Farida kanishukuru kwa ile simu, kisha kaniomba, kwa upole kama wa kuongea na mgonjwa, nisiguse kiini tena.

Jumapili, 13 Aprili

Nimesikiliza kwa makini nikiwa nyumbani. Sauti ni nzuri, lakini si nzuri kabisa. Kadi inastahili laini ya mbele zaidi. Nimeipitia tena orodha. Ya kwanza kabisa, bora kuliko zote, imekaliwa na saa ya mfumo, ile inayomwamsha mwenye nyumba kwa kila kazi.

Saa! Ofisi nzima kila mtu ana simu. Nani anaihitaji hiyo?

Kesho nitawahi kabla ya Elisha.