Ng'ombe Mmoja na Kadi Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Familia ya Eddy itapanda boti kutoka Kazimia Jumamosi ya wiki ijayo, kuleta mahari ya binti yetu Aline.

Furaha yangu haikufika mchana. Shemeji Bertin, kaka mkubwa wa mke wangu Georgette, aliingia uani bila hodi, akakalia kiti changu chenye mikono, akajinyoosha, akauliza kama siku hiyo kutakuwa na mto wa kuweka mgongoni. Siku gani? Siku ya mahari! Akanikumbusha, kwa upole wa mtu anayefurahi, kwamba kwenye mahari ya Georgette kulibaki ng'ombe mmoja. Mmoja tu! Na kwetu, mtu ambaye hajamaliza ng'ombe wa mama hakai kupokea ng'ombe wa binti. Anakaa mjomba.

"Shemeji Isidore, we utakula na bageni," alinifariji. "Nyama itakuwa mingi."

Nimemlea yule mtoto. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali akiwa na homa, mvua inanyesha, viatu vyangu vyote viwili vikabaki kwenye tope la njiani. Halafu akae Bertin? Hakai.

Uamuzi: nitakopa ng'ombe. Lakini si kwa pupa. Wengine hukopa popote wanapopewa. Mimi nitalinganisha riba kwanza. Georgette asijue kitu. Nataka ashangae.

Jumanne, 4 Juni

Utafiti umeanza.

Kadi ya kwanza: koperative mpya ya akiba na mikopo, karibu na soko la Baraka. Kadi ya plastiki, kijani, jina lako limeandikwa juu. Tangazo mlangoni: riba asilimia mbili. Mbili! Nilikaribia kumkumbatia mlinzi. Ndani, msichana wa dirishani, Tania, akanieleza taratibu kwamba ni mbili kila mwezi, kisha kuna pesa ya dossier, yaani ya faili, ya picha, ya kadi yenyewe, na kwamba natakiwa kwanza kuweka akiba kwa miezi kadhaa. Nikasema mahari ni wiki ijayo. Akasema hongera. Akauliza dhamana yangu ni nini. Nikataja friji. Akauliza kama inafanya kazi. Swali gani hilo, kwa mtu mzima?

Kadi ya pili: mfanyabiashara wa sokoni, jina nalihifadhi. Kadi yake ni kipande cha katoni ya sabuni. Hakuna picha, hakuna dossier, hakuna maswali. Unachukua kumi, mwisho wa mwezi unarudisha kumi na tano. Nikauliza ikitokea nimechelewa. Akatabasamu, akanitajia mtaa wangu, rangi ya mlango wangu, na jina la mbwa wangu.

Wakati wa kurudi nilimwona Bertin kwa fundi cherehani. Anapimwa suti. Suti!

Jumatano, 5 Juni

Nimeonana na Bizimana, mfugaji, rafiki yangu wa siku nyingi. Yuko tayari kunipa ng'ombe jike leo hii bila pesa yoyote, mradi ndama wa kwanza awe wake. Nikapiga hesabu palepale. Unakopa ng'ombe, unalipa ng'ombe na mtoto wake. Riba asilimia mia! Nilimweleza hivyo kwa ukali kidogo. Akacheka sana, akasema basi nilete pesa mkononi, atanipunguzia bei kwa sababu ya Aline.

Mtu mwema. Hesabu hajui.

Alhamisi, 6 Juni

Kipaji changu kimeamka!

Georgette alirudi kutoka kikundi chake cha akiba, wale bamama wanaokutana kila Alhamisi kwenye uwanja wa kanisa, akaacha kadi yake mezani. Kadi ya waridi, imejaa mihuri ya nyota. Nimeiona miaka yote hii na sikuwahi kuifikiria. Nikamuuliza juu juu, huku nakula ugali. Riba yao ni ndogo. Tena mwisho wa mwaka wanafungua sanduku na kugawana riba yote wao kwa wao.

Niliacha kula. Yaani nikikopa pale, riba ninayolipa sehemu yake inarudi kulala nyumbani kwangu! Koperative gani inaweza kushindana na hilo?

Tatizo moja. Wanachama ni wanawake tu.

Jumamosi, 8 Juni

Tatizo limekwisha. Jirani yetu Immaculée, muuza maandazi, naye ni mwanachama. Atakopa kwa jina lake, atasema ni ya unga, kisha atanipa mimi. Malipo yake: nimchotee maji mpaka siku ya mkutano. Nimemwapisha asimwambie Georgette. Ameapa.

Jioni Georgette aliuliza kwa nini nabeba bidoni za maji za Immaculée wakati zetu ziko tupu. Nikasema ni mapendo ya Kikristo. Akanipa na zetu.

Jumatatu, 10 Juni

Mgongo unauma. Bertin alipita akiwa na suti yake mkononi, akakipima tena kiti, mara hii amevaa koti. Aline alimwambia mjomba wake, kwa heshima zote, kwamba kile ni kiti cha baba. Nikaenda nyuma ya nyumba. Vumbi liliniingia machoni. Yote mawili.

Alhamisi, 13 Juni

Siku gani hii!

Nilijificha nyuma ya ua wa matete wa kanisa nione mpango wangu ukitimia. Bamama walikaa duara, sanduku la chuma katikati. Sikujua utaratibu wao. Anayekopa anasimama mbele ya wote na kusema kazi ya pesa kwa sauti.

Immaculée akasimama. Akaangalia msalaba wa kanisa. Kisha:

"Mi siwezi danganya mbele ya sanduku na mbele ya Mungu. Hizi franga si za unga. Ni za Isidore. Anataka kumaliza ngombe ya Georgette."

Kisha wakacheka bamama wale! Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Nilitaka ardhi ya Baraka ifunguke.

Kisha mwenyekiti akaomba kura. Mikono ikapanda, mmoja mmoja, mpaka yote. Sanduku lile lina kufuli tatu na funguo zake huwa kwa watu watatu tofauti, pesa isije ikatoka kwa tamaa ya mmoja. Mama wa kwanza akafungua yake. Wa pili akafungua yake. Wote wakamgeukia Georgette.

Mke wangu anashika ufunguo wa tatu! Ule ulio kwenye fundo la kitenge chake, ambao siku zote nilidhani ni wa kabati.

Akalishika fundo, hakulifungua. Bamama wakaacha kucheka. Mmoja akauliza ni mara ngapi walimshauri akope mwenyewe, ampe mume wake kwa siri, aibu iishe. Georgette akasema hapana, mwanamke hajitolei mahari. Kisha akasema, polepole, hata sikusikia vizuri mpaka nikaegemea matete:

"Hii ngombe niko naingoja tangu Aline hayazaliwa bado. Nilijua ataileta."

Akafungua fundo. Akafungua kufuli.

Ndipo ua ulipovunjika, nami nikaanguka katikati ya duara na matete yote juu yangu. Mwenyekiti akasoma sheria: faini kwa kuvuruga mkutano. Mimi ni mwanamume wa kwanza kutozwa faini na kikundi kile. Georgette aliniondolea matete kichwani kwa mkono wake.

Ijumaa, 14 Juni

Ng'ombe wa Bizimana, kwa pesa mkononi, amefika kwa baba mkwe. Yaani yeye alifika, mimi nilikokotwa. Alinipitisha katikati ya soko, juu ya nyanya za watu, mbele ya Tania, ambaye alinipungia mkono.

Baba mkwe alitoka na fimbo yake, akamzunguka ng'ombe, akamfungua mdomo, akahesabu meno. Akasema sasa anaweza kunilaumu kwa mambo mengine. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie upesi. Nampenda yule mzee. Sijui kwa nini nilikuwa nakwepa nyumba yake kwa miaka yote hii.

Bertin ndiye aliyepewa kamba ya kumfunga ng'ombe. Amevaa suti. Ng'ombe alipiga chafya.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekaa! Kwenye kiti changu! Mto mgongoni!

Kina Eddy walikuja wengi, wamependeza, wengine bado wanayumba kwa sababu ya boti. Msemaji wao akataja mali moja baada ya nyingine. Nilitikisa kichwa kwa kila moja, kama nilivyojizoeza mbele ya kioo. Mwishoni akakohoa. Akasema kuna ng'ombe mmoja ambaye, kwa hali ilivyo, amebaki nyuma kidogo.

Uwanja mzima ukaniangalia. Bertin akaninong'oneza nikatae, niwarudishe mpaka Kazimia. Nikamwangalia Eddy. Kola imelowa jasho, macho kwenye viatu. Nikamwangalia Aline, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa mlango. Nilijua kijana yule anasikia nini.

Nikasema ng'ombe mmoja abaki, kijana apate sababu ya kuendelea kuja kutusalimu.

Baba mkwe alicheka mpaka akaletewa maji. Bamama wakapiga vigelegele. Georgette alikuwa nyuma yao, na aliniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia tangu tukiwa vijana. Aline alilia. Mimi pia, sioni haya kuandika.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi Georgette alichukua sehemu ya pesa ya mahari na kwenda moja kwa moja kwa mweka hazina wa kikundi. Amelipa mkopo wangu, riba na faini. Mimi nilikuwa na mpango wa kununua samaki na kwenda kuwauza Kilembwe. Safari iliyopita walioza njiani, lakini ile ilikuwa barabara, si mimi. Basi.

Haidhuru. Nina kazi kubwa zaidi. Nimemhurumia sana mkwe wangu Eddy na deni lake la ng'ombe. Nikamwambia asihangaike, mimi baba yake ni mtaalamu wa riba. Kumbe ana akiba kwenye koperative ya kadi ya kijani tangu mwaka jana! Anachokosa ni mdhamini tu.

Leo mchana nimetia sahihi. Tania aliniuliza kama nimeelewa kwamba Eddy akishindwa, ng'ombe huyo nitamlipa mimi. Nikasema nimeelewa. Akauliza huyo ng'ombe anadaiwa na nani. Nikasema na mimi. Akaniomba nikae kidogo nifikirie. Nikakaa kidogo. Nikatia sahihi.

Georgette nilipomweleza alicheka mpaka akaketi chini, ameshika mkono wangu, machozi yanamtoka. Nimemfafanulia tena hesabu yote, anazidi kucheka. Haoni bahati yenyewe. Ni nani mwingine hapa Baraka aliyewahi kupata riba ndogo namna hii kwa ng'ombe wake mwenyewe?