Shamba la Chumbani

“Mtamba hatoki,” alisema Gati.

“Anatoka,” alisema mumewe, Machage.

Wote wawili walikuwa wameishika kamba ile ile. Mtamba mwenyewe alitafuna nyasi, kama mgeni anayengoja wenyeji wamalize ugomvi wao. Kando alisimama Joram wa Bomani, viatu vyeusi miguuni na mwavuli mkononi. Ndiye aliyekuja kumchukua mtamba kwa kubadilishana na kopo moja la dawa.

“Mama Mseti,” alisema Joram kwa upole, “jembe limepitwa. Mumeo amejionea. Ulezi unaota chumbani kwangu, kwenye madebe, bila udongo, bila mvua, bila ndege wa kufukuza. Wakati wa vita, askari kwenye visiwa vya mawe matupu walikula nyanya zilizooteshwa majini. Siri ni dawa tu.”

“Kijani kabisa,” alisema Machage. “Mwaka huu silimi.”

Hapo ndipo palipomuuma Gati. Mvua ilikuwa inakaribia, shamba halijaguswa, na mtamba huyo ndiye maziwa ya watoto watano mwakani.

Nyanya za askari zilikuwa kweli, ila wao walikuwa na dawa iliyopimwa. Joram alikuwa na mdomo. Ukulima wake wote aliupata kwenye ghala moja Musoma, paa lilipovujia gunia la ulezi na gunia likaota. Mwenye ghala aliona hasara. Joram aliona ng'ombe.

“Unaloweka usiku mmoja,” aliuliza Gati, “unafunika, kisha unanyunyizia asubuhi na jioni?”

Joram alishtuka kidogo. “Nani amekuambia?”

“Nakisia tu.” Gati akaiachia kamba. “Basi otesha hapa. Nakupa chumba cha nyuma na madebe matatu ya ulezi. Ukitupa chakula bila udongo, mtamba ni wako, na nitakusindikiza mimi mwenyewe.”

Siku nne Joram alichota maji mtoni peke yake, maana kazi hiyo, alisema, haitaki macho ya watu. Alinyunyizia, alifunika, aligeuza. Gati akipita mlangoni alisema, “Geuza na ule wa chini, usichache.” Joram aligeuza.

Siku ya tano ulezi wote ulikuwa umechipua. Joram alimwita Machage, kisha akaenda kufungua kamba ya mtamba. Gati alitandaza ngozi uani na kuumwaga ulezi juani.

“Mama, unaua shamba.”

“Naanika kimea. Umefanya kazi ya wanawake watatu, baba. Asante.”

Machage aliokota punje, akatafuna. Utamu ule aliujua. Yeye na Joram walikuwa wakinywa pombe ya ulezi tangu ujana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza inaanzia wapi.

“Dawa bado sijaitia,” alisema Joram haraka. “Nikiitia tu, masuke yanatoka.”

“Dawa yako ni magadi. Jana niliichota koponi nikapikia mlenda, na wewe ukaomba uongezwe mara mbili.”

Machage aliingia ndani, akatoka na majembe mawili.

“Nilisema chakula,” aliendelea Gati. “Unaweza kukaa chumbani ungoje masuke. Au ulime. Kimea hiki ni cha pombe ya majirani watakaokuja kutusaidia shambani, na anayelima ndiye anayekunywa.”

Joram alitazama njia. Jirani yao Wangwe na wanaume wengine watano walikuwa wanapanda kilima kuja kuona muujiza. Wangwe alikuwa ameshatoa jogoo ili awe wa pili kupata dawa, na jogoo huyo Joram alimmaliza Jumapili kwa ugali.

Akavua viatu, akavitundika kwenye ua, akachukua jembe moja mkononi mwa Machage. Wangwe alipofika alimkuta yumo shambani, ameshapiga mstari mzima, jasho likimtiririka.

“Shamba la chumbani liko wapi?” aliuliza Wangwe.

“Nimeligundulia kasoro moja,” alisema Joram bila kuinua kichwa. “Linataka udongo. Shika jembe hilo jingine, mzee wangu, nikuonyeshe.”