Mume Anayefaa Kusimamia Ndoa za Watu

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada habari imethibitishwa. Kijana wetu wa kanisani, Kwizera, na mchumba wake Clarisse wanatafuta wasimamizi wa ndoa yao, parrain na marraine, na majina yaliyobaki ni mawili: sisi, na Révérien na mkewe. Msimamizi si mtu wa kupigwa picha tu. Ndiye anayewafundisha vijana mapenzi, ndiye wanayemkimbilia wakigombana, na siku ya harusi hukaa meza ya mbele. Ninafaa kabisa. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla ya kuletwa huku ugenini, vijana walikuwa wakinijia kwa ushauri wa mapenzi. Waliooana ni wengi. Walioachana sikuwafuatilia, hiyo si kazi ya mshauri.

Tatizo ni Révérien. Ana suti ya rangi ya maziwa, na kila Jumapili humbebea mkewe mkoba hadi kwenye gari, polepole, ili sote tuone.

Tatizo la pili: Clarisse anataka kumhoji mume peke yake na mke peke yake, maswali yaleyale. Anafanya kazi nyumba ya wazee, kazoea kukagua kila kitu mara mbili. Nimemwambia mke wangu Spéciose kwamba heshima ya familia iko mikononi mwetu. Kasema mikono yake ina sabuni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata silaha. Binti yetu Falone anasoma falsafa chuoni Parramatta, na muhula huu wanasoma habari za mapenzi. Nani angefikiri kwamba mkopo wake wa masomo ungenifaa mimi? Nimemwomba anieleze wanafalsafa wanasemaje. Mimi huongea Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na mambo huenda.

Kasema wako wanaodai kwamba unampenda mtu kwa sababu ya sifa zake. Shida yake, akija mwenye sifa zaidi, mbona usihamie kwake? Wako wengine wanaosema hapana, unaanza kumpenda, halafu kule kupenda ndiko kunakompa thamani machoni pako. Nikamuuliza upande upi unaongoza. Kasema hii si mechi, baba.

Nikaona niipime elimu hii nyumbani. Spéciose alikuwa mezani anachambua maharage. Nikamuuliza kama ananipenda kwa sababu ya sifa zangu. Akauliza zipi. Nikasema achukue muda wake, nitasubiri. Akamaliza maharage, akayabandika jikoni, akaenda kuoga.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa leo ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Révérien anabeba mkoba, mimi nitashika mkono. Nimetoka zamu yangu ya kuendesha foklifti ghalani Seven Hills, nikakutana na Spéciose stesheni ya Parramatta twende kununua unga, na hapohapo mbele ya watu nikaushika mkono wake.

Tangu tuoane sijawahi kufanya hivyo barabarani. Sisi si watu wa kushikana mikono. Mke hutangulia kidogo au hufuata kidogo, na kila mtu anajua ni wa nani. Spéciose akasimama, akanitazama usoni, akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikasema la, ni mapenzi. Akaniambia niegemee ukuta kwanza.

Hatujafika dukani tukakutana na mama Emérance wa kwaya. Akautazama ule mkono, akatikisa kichwa kwa huruma, akapita bila kuuliza neno. Jioni kikundi cha maombi kimetufikia mlangoni na sufuria ya supu. Baadaye Révérien kapiga simu. Kasikia habari za mguu wangu. Nimemweleza kwamba mguu hauna kitu, nilikuwa namwonyesha mke wangu mapenzi. Kasema hata hilo Mungu anaponya.

Supu ilikuwa tamu. Ya kuku.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe. Asubuhi nimemfundisha Spéciose majibu ili yafanane na yangu. Akiulizwa kama namsaidia nyumbani, aseme namletea chai kitandani. Akauliza lini. Nikaenda nikamletea chai. Sasa ni kweli.

Wamekuja saa nane, Kwizera kavaa tai, Clarisse bado na sare ya kazini. Kanisalimia kwa heshima, shikamoo papa Venant, wakakaa sebuleni nami. Nikaanza na zile sifa, nikapita kwenye thamani, nikazungumzia mapenzi kama uamuzi na mapenzi kama moto. Nilizungumza vizuri mno. Kwizera alisikiliza mpaka macho yakawa mekundu.

Kisha Clarisse kaniuliza jambo. Shangazi zake wanamwambia mke akishaapa kanisani hana tena usiku wa kukataa. Yeye siku nyingine anatoka kuwanyanyua wazee zamu mbili mfululizo, mgongo hausikii. Je, mimi kama mume nasemaje?

Hapa sikusita. Nikamwambia mwanangu, ile ndiyo ya madhabahuni inatosha. Ni kama mkataba wa nyumba. Ukishatia saini, huombi ufunguo kila jioni.

Clarisse akasema, kwa sauti ya chini, papa, nyumba haichoki.

Kwizera akatazama viatu vyake. Nikarudi haraka kwenye sifa, lakini wakainuka wakamfuata Spéciose jikoni na kufunga mlango. Nilisogea kusikiliza, kwa ajili ya usahihi tu. Friji letu lina kelele sana. Walipotoka, Clarisse alikuwa amelia. Hawakumaliza hata chapati.

Jumapili, 10 Agosti

Révérien na mkewe wamekuja kanisani na kitenge kimoja, yeye shati, mkewe gauni. Kwizera kanikwepa mlangoni. Nimeshindwa, basi.

Tukiwa kwenye gari Spéciose kaniuliza nilimjibu nini yule binti. Nikamweleza habari ya mkataba na ufunguo. Halafu akaniuliza: baba Falone, wewe umewahi lini kuingia bila hodi?

Sikuelewa. Akasema kule kambini, tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, alinigeuzia mgongo masika yote. Majirani walinicheka. Kaka zangu walinishauri mambo ya aibu. Na mimi, kasema, nilikuwa nalala upande wangu namsimulia habari za mpira mpaka anapata usingizi. Sikumlaumu, sikumuuliza itakuwa lini. Mpaka siku aliyoniita mwenyewe.

Nikamwambia nimesahau. Akasema yeye hajasahau, na ndiyo aliyomwambia Clarisse jikoni.

Kisha akaongeza: “Mdomo wako na wewe mwenyewe hamjawahi kukutana.”

Nimeendesha mpaka nyumbani polepole. Kioo cha mbele kilikuwa na ukungu, au ni macho.

Jumanne, 12 Agosti

Tumechaguliwa.

Kwizera kapiga simu nikiwa kwenye mapumziko ya kazi. Kasema kwa akina Révérien majibu yalifanana neno kwa neno, na mke kila akijibu alikuwa anautazama mlango. Kwetu hayakufanana hata kidogo, lakini Clarisse kasema anamtaka mama huyu, na mwanamume ambaye matendo yake yanaushinda mdomo wake. Kasema wazi kwamba ni yale maneno ya mama yaliyoamua.

Nimeelewa. Hotuba yangu iliwagusa, wanaona aibu kunisifu moja kwa moja.

Nimempigia Révérien kumfariji. Nimewapigia na wengine wachache, sitawataja. Habari imeenea, na viongozi wa kanisa wamenitafuta: Jumamosi ijayo wanafanya semina ya wanandoa kule Villawood, ukumbi umejaa tayari. Wanataka mada ya ridhaa, kwamba hata ndani ya ndoa humwamulii mwenzako, unamuuliza kwanza. Nimewaambia wamefika penyewe. Nimeahidi kwamba Spéciose atafungua kwa kusimulia mambo yale ya kambini mbele ya watu wote, kisha nizungumze mimi saa nzima, na mchana atatupikia wali na maharage ya watu mia.

Sijamuuliza bado, lakini namjua. Atakubali.